Siku Tuliyoliosha Jiko la Mama

Asubuhi ya tetemeko mama alikuwa anamenya viazi vya wageni wawili, mzee mmoja wa Kizungu na mkewe, waliokuwa wamelala kwake ili kesho yake waanze kuvuka milima kwenda ziwani. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye angewaongoza njia hadi Manda, alikuwa uani akifunga mizigo. Alinisimulia baadaye kwamba kuku walinyamaza kwanza, kisha ardhi ikanguruma, kisha bomba la moshi la sebuleni likaanguka, likapasua vigae na kutua kwenye kitanda walichokuwa wamelala wale wageni. Bahati nzuri wao walikuwa barazani wakinywa chai. Mama aliwashika mikono, mmoja huku na mmoja huku, akawaburuta hadi shamba la viazi. Yule bibi wa Kizungu alifika shambani kikombe kikiwa bado mkononi, na mama akamwambia kwa Kibena aimalize chai yake maana itapoa.

Kijijini kwetu hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini ukuta wa magharibi wa nyumba ya mama ulipasuka kuanzia juu hadi dirishani, ufa wa kuingiza mkono mzima, na nusu ya vigae ilishuka chini. Nyumba nyingine tatu za zamani, zile za matofali ya kuchoma zilizojengwa enzi za babu zetu, ziliharibika vivyo hivyo. Picha zikazunguka kwenye simu. Waliokuwa wameomba nafasi ya kuja kutembea milimani wakaahirisha, na baada ya muda wakaacha hata kuuliza.

Nyumba ile aliijenga babu yangu, baba yake baba. Alijifunza kufyatua matofali na vigae misheni akiwa kijana, na aliporudi nyumbani akajenga kama alivyofundishwa, kuta nene zilizoshikwa kwa udongo, baraza pana, na sehemu ya kuota moto sebuleni. Nyuma yake kulikuwa na jiko la nje la miti na udongo, lenye dari ya mianzi ambamo mahindi yalihifadhiwa. Jiko hilo lilicheza siku ya tetemeko, likarudi mahali pake, halikudondosha hata kijiti.

Sikuwahi kuelewa wageni walipenda nini pale. Mimi nilizaliwa mle ndani, nikakua nikitamani nyumba ya bati jekundu na madirisha ya vioo vikubwa. Njombe mjini kuna vyumba vyenye televisheni na maji ya moto, lakini wageni walivipita, wakapanda hadi kwa mama kulala chini ya mablanketi matatu na kula makande yenye harufu ya moshi. Wakiondoka walimkumbatia kama watoto wanaokwenda shule ya bweni. Mama alikuwa akiwasemesha Kibena, nao wakimjibu kwa lugha zao, na sijasikia hata siku moja kwamba hawakuelewana.

Baada ya tetemeko nilimchukua nikaja naye Makambako. Nina duka la jumla karibu na barabara ya stesheni, nauza sukari, sabuni, mafuta na chumvi, na nyumba yangu iko nyuma ya duka. Nilimpa chumba chenye jua la asubuhi. Nilimnunulia soksi za sufu, maana upepo wa Makambako hauna adabu, unamkuta mtu hata ndani. Nilidhani nimefanya kila kitu.

Mama yangu, mimi ninayemjua, ni mtu wa kukemea. Alimkemea baba, alitukemea sisi, aliwakemea ng'ombe na wazee wa kanisa. Lakini pale kwangu alianza kusema asante. Nikimpa chai, asante mwanangu. Nikimletea ugali umeungua, asante mwanangu, mtamu. Wasichana wangu wakipiga kelele, anatabasamu. Nilivumilia wiki za mwanzo, halafu nikaanza kuogopa. Mtu aliyezoea kukupigia kelele akianza kukushukuru kwa kila kitu, unajua kuna mahali ameshaanza kuondoka.

Siku moja nikiwa napanga katoni dukani alikuja akaketi kwenye kiroba cha chumvi. Akaniambia kwa upole, "Mwambie mdogo wako anirekebishie nyumba. Nataka nikafie kwangu."

Nilimjibu vibaya. Nilisema hakuna anayekufa hapa, na kama kuna anayetaka kufa asubiri nimalize kupanga katoni. Wateja walicheka. Mama naye alicheka kidogo, akarudi chumbani.

Wiki ileile mdogo wangu akapiga simu. Alisema kikundi cha wenyeji wanaopokea wageni kimekaa, na kimeamua nyumba zote nne za zamani zitarekebishwa kama zilivyokuwa, kwa matofali yaleyale na vigae vilevile, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikiwaleta wageni milimani. Wataanza na ya mama. Wamempata mtaalamu wa majengo ya kale, dada mmoja mpole, ambaye yuko tayari kuwaelekeza.

"Mjengeeni ya bloku na bati," nilimwambia.

"Dada, nani atatoka Ulaya kuja kulala kwenye bloku?"

"Basi msijenge kabisa."

Akasema kwamba kama nyumba haitasimama, yeye hana kazi pale. Atashuka Manda akachuuze samaki, au aende Liganga akasubiri chuma kianze kuchimbwa, pamoja na wenzake wote wanaosubiri. Mke wake alikuwa mjamzito wakati huo. Nilijua anasema kweli, na bado sikutaka.

Nisieleweke vibaya. Nilikuwa na hesabu yangu moja tu kichwani. Nyumba ikiisha, mama anarudi. Mama akirudi, anakufa. Ameshasema mwenyewe, na mama yangu hajawahi kusema jambo akaacha kulitenda. Kila ufa uliobaki wazi kule mlimani, kwangu mimi ulikuwa unamshikilia mama hapa Makambako. Kwa hiyo kila simu ya mdogo wangu niliipokea kwa ukali, na mama akiniuliza habari za nyumba nilimwambia mvua zimewachelewesha. Mvua zilikuwa zimeisha zamani na jua linawaka, yeye mwenyewe alikuwa akiliota pale dirishani.

Mwisho nikapanda kwenda kuwazuia. Nilifunga duka Jumamosi, nikaenda hadi Njombe, na kutoka Njombe nikadandia lori la mbao lililokuwa likirudi tupu. Njiani nilipanga maneno yangu yote, nani nitaanza naye na nani atafuata.

Nilifika nikawakuta kwenye mgowe, ile kazi ya pamoja ya kwetu ambayo mwenye nyumba anatoa chakula na kinywaji, na majirani wanatoa mikono. Mwenye nyumba hayupo, kwa hiyo kila mmoja alikuja na chakula chake, na kinywaji pia. Togwa iliwekwa mbele ya nyumba na ulanzi, ile pombe ya mianzi, nyuma, na mchungaji wetu, mtu mwenye busara zake, alizunguka kila mahali isipokuwa nyuma. Wanaume walikuwa wanakanyaga udongo kwa miguu, suruali zimekunjwa, baridi ya mwezi wa sita ikiwauma mapaja. Yule mtaalamu alikuwa amewakataza saruji, akiwaeleza kwamba ukuta wa udongo ukivikwa saruji unafungia maji ndani na kuoza, kwa hiyo wakakanda udongo na chokaa kama babu. Walikuwa wameshalaza mikanda ya mbao ndani ya kuta ili siku nyingine ardhi ikicheza, nyumba icheze nayo bila kuachana.

Kilichonimaliza ni vigae. Vile vilivyoanguka vikiwa vizima, watu walikuwa wamevichukua baada ya tetemeko, maana vilikuwa chini na mama hayupo. Huyu alifunikia banda la kuku, yule tanuru lake la matofali, mwingine alitengenezea njia ya kwenda chooni. Siku ile walikuwa wanavirudisha. Akina mama walipanda mlima vigae vikiwa kichwani, vinne kwa vitano, vimeoshwa na kufungwa kwa khanga. Hakuna aliyewadai na hakuna aliyeomba radhi. Walivitua, wakasalimia kwa Kibena, kamwene, wakachukua togwa yao.

Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke aliyekuwa akigombana na mama tangu mimi sijaolewa, alileta kigae kimoja tu kilichokatika kona. "Mwambie ni chake," aliniambia. "Mwambie nilikitunza." Nikaketi chini nikalia. Yale maneno niliyoyapanga ndani ya lori, sikumbuki hata moja.

Niliporudi Makambako nilimwambia mama ukweli. Nilimwambia nyumba inasimama na kwamba ikifika mwisho wa kiangazi atarudi. Alifurahi, akasema asante mwanangu. Kesho yake akaanza kugawa vitenge vyake. Kile cha kijani kwa binti yangu mkubwa, cha maua kwa mdogo, cha kanisani kwangu. Nikamuuliza yeye atavaa nini. Akasema hatahitaji vingi. Niliingia dukani nikamgombeza mteja aliyekuja kubadilisha sabuni, maskini, hakuwa na kosa lolote.

Nyumba ilipokamilika, mdogo wangu akapiga simu kusema kuna wageni wanne wanakuja, wa kwanza tangu tetemeko, na kikundi kinataka mama awepo kuwapokea. Nikasema nitamleta. Lakini nilitangulia siku moja, nikiwa na viroba viwili vya sabuni ya unga kutoka dukani, brashi, na ndoo. Kwa sisi Wabena wa kanisani hakuna nyumba inayofunguliwa kabla ya kusafishwa. Mwanamke wa kwetu akisikia mgeni anakuja, au bibi harusi, au hata mjumbe wa nyumba kumi, jambo la kwanza ni kushika ndoo. Wanawake wa umoja wetu walikuwa wananisubiri. Tuliosha nyumba kubwa kuanzia chumba cha mwisho hadi baraza, tukiimba nyimbo za kwaya, tukapaka chokaa, tukang'arisha sakafu. Saa nane tulikuwa tumemaliza na sabuni imebaki kiroba kizima.

Ndipo mmoja wetu akachungulia jikoni. Yule mtaalamu alikuwa ameagiza jiko la nje liachwe kama lilivyo. Tulijadiliana kidogo. Mwenzetu mmoja akasema jiko lenyewe hatuligusi, tunaliosha tu. Hoja hiyo tuliiona nzito. Tukaingia.

Jamani, jiko la mama lilikuwa jeusi. Dari ya mianzi ilikuwa nyeusi inayong'aa, masizi yamening'inia kwenye pembe, nguzo nyeusi hadi usawa wa kichwa. Nilipanda ngazi na brashi ya chuma, wenzangu wakafuata kwa visu na maganda ya mahindi. Tulisugua hadi jua linakaribia kuzama. Maji meusi yalitiririka hadi kwenye mboga. Tulipomaliza mianzi ilikuwa na rangi ya njano, kama imekatwa jana, na tukasimama chini tukiitazama, weusi sisi, tukicheka na kupongezana. Niliona nimemwandalia mama yangu mahali safi. Nitasema wazi nilichokuwa nikifikiria. Nilifikiri, kama ni hapa atakapofia, basi asifie kwenye masizi.

Siku ya pili yake mdogo wangu alimleta kwa gari la kukodi. Waliposhuka kilima cha mwisho watu walikuwa wamesimama pande zote mbili za njia. Mama alisalimia kila mmoja kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeaga. Aliingia nyumba kubwa, akapitisha kiganja kwenye ukuta wa magharibi, pale palipokuwa na ufa, akasema asante. Akaona vigae, akasema asante. Akaona kitanda cha wageni kimetandikwa, asante. Mimi nilikuwa nyuma yake na roho inaniuma kwa kila asante.

Kisha akatoka kwenda jikoni. Wanawake walisukumana mlangoni waone atakavyofurahi. Mke wa mdogo wangu alikuwa mbele kabisa, mtoto mgongoni, kale kabinti kake kalikozaliwa wakati wa mvua za masika.

Mama aliinama kupita mlangoni, akasimama katikati ya jiko, akainua macho. Halafu akageuka.

"Masizi yangu yako wapi?"

Jirani wa ng'ambo ya kijito, kwa sauti ndogo, akasema, "Tumekusafishia, mama."

"Nani amewatuma?"

Na hapo mama yangu akafungua kinywa. Alikemea kwa Kibena kwa ukali ambao sijausikia tangu baba alipouza ndama bila kumwambia. Alituita watoto wasio na mama. Alisema masizi yale aliyaanza mama mkwe wake, akamkabidhi yeye pamoja na mafiga, na yeye ameyalea miaka yote ya ndoa yake, na kwamba ni yale masizi yaliyokuwa yakizuia bungua, wale wadudu wanaotoboa mianzi hadi ikamwaga unga. Sasa mianzi iko uchi. Bungua wataingia, dari itaoza, mahindi yataanguka kichwani mwa wageni, na wageni watarudi kwao waseme wanawake wa huku hawajui jiko. Aliuliza ni nani alipanda juu. Wote wakanitazama mimi.

"Wewe," alisema. "Na sabuni ya dukani kwako."

Ningepaswa kuona aibu, na niliiona kiasi. Lakini zaidi nilikuwa na furaha nisiyojua pa kuiweka. Nilikuwa nimeuma midomo nisicheke. Mama alikuwa ananikemea! Sauti ilikuwa ileile, na kidole kilekile mbele ya pua yangu. Nilitaka anikemee hadi jioni.

Hakuwa na muda huo. Alivua sweta, akakunja kitenge, akaanza kutuma watu. Wewe kalete kuni za miwati, mbichi kidogo, zinazotoa moshi. Wewe kaazime moto kwa jirani. Wewe funga dirisha, moshi usitoroke. Mdogo wangu alinong'ona kwamba wageni wanafika kesho na jiko litakuwa limejaa moshi. Mama akasema vizuri, waingizwe humuhumu, walie pamoja na sisi, ndicho walichokifuata milimani.

Moto ukashika. Ule moshi mzito wa kuni mbichi ukapanda, ukagonga mianzi ya njano, ukaenea. Wanawake walikohoa wakatoka mmoja mmoja, kila mtu akifuta macho. Tukabaki mimi, mama, na mke wa mdogo wangu aliyekuwa amesimama mlangoni kwa ajili ya mtoto. Mama aliketi kwenye kigoda, akapuliza, akapanga ukuni, akatazama juu, akapuliza tena. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi.

Nikachuchumaa karibu naye. "Mama, itachukua muda gani kuwa nyeusi tena?"

Alifikiri. Akamwita mke wa mdogo wangu asogee, akaunyoosha mkono hadi mgongoni na kukishika kile kiguu kidogo kilichokuwa kinaning'inia nje ya kitenge.

"Moto wa kila siku?" alisema. "Huyu akianza kwenda shule peke yake na kurudi, mianzi itakuwa imeshika rangi. Kuwa nyeusi yenyewe, ya kung'aa, labda akipata mchumba."

Mimi ni mtu wa mdomo, siwezi kujizuia. "Mama, si ulisema umekuja huku kufa?"

Alinitazama kupitia moshi kama mtu anayetazama mjinga aliyemzaa mwenyewe.

"Sasa nikifa," alisema, "nani atakoka moto?"